Kibati cha Stanslaus

Rafiki yangu Nkwabi hasemi uongo. Mwaka 1952 alikuwa karani wa mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita. Kila jioni alikuwa akitikisa mkoba wenye vibati vya namba za wachimbaji, kisha anachomoa kimoja bila kutazama. Mwenye namba hiyo ndiye aliyepekuliwa, asije akaondoka na dhahabu.

Mchimbaji Stanslaus alifukiwa na kifusi Jumatatu. Jumanne ikatoka namba yake. Jumatano tena. Alhamisi tena.

"Karani, kitoe hicho kibati chake," wachimbaji walimsihi. "Mwenzetu bado yuko chini!"

Ijumaa akakipigilia msumari mlangoni, wote wakiona, ndipo akaingiza mkono mkobani. Vibati vikalia vyenyewe, kra, kra, kra. Mle gizani, vidole vya baridi vikamfumbatisha kibati kimoja, taratibu.

Alinisimulia hayo ngumi ikiwa bado imefumbwa.