Udongo Niliosema ni Wangu

Nilimtaja Mungu juu ya uongo, mwanangu. Naanza na hilo, usije ukasema nilikuficha.

Jioni hii jua likizama nilikuwa kwenye foleni ya forodha hapa uwanja wa ndege, kama wewe. Nina begi langu, ndani nguo za mtoto mchanga tu. Binti yangu ana mimba ya kwanza, nimekuja kuwa naye akijifungua. Bibi mmoja nyuma yangu akanigusa bega.

"Mwanangu, mizigo yangu imezidi. Nivushie kifuko hiki. Sema ni chako."

Mimi ni mchuuzi, na sisi wachuuzi tumezoea. Mmoja akizidisha mizigo, wenzake wanamsaidia kuibeba, tukifika nje kila mtu anachukua chake. Nikapokea. Kilikuwa kizito kuliko kinavyoonekana.

Na kilikuwa na joto...

Mbwa wa forodha akakinusa. Akalala chini, akajikojolea.

Afisa akacheka. "Mama, umemletea mbwa wangu nini?" Akafungua. "Udongo! Kwani huku kwetu umeisha? Haya, ni wako?"

Nikageuka nyuma. Bibi hayupo. Nikamwona kule mbele, anatoka mlangoni. Mikono mitupu. Hana hata pochi.

Ningesema kweli pale pale. Lakini niliona aibu, watu wote wananitazama.

"Haki ya Mungu, ni wangu."

Ndivyo nilivyoingia chumba hiki cha karantini. Sheria yao ni kwamba mzigo uliozuiwa unakaa na mwenyewe, hutoki ukauacha. Wewe umeletwa kwa sababu ya machungwa, watayatupa utaenda zako. Mimi nilimwambia afisa nimedanganya, si wangu.

"Mama, ulishaapa," akasema. Akafunga mlango haraka haraka. Kifuko hakukitazama. Nadhani si mara yake ya kwanza kukiona.

Kabla hujaingia nilikuwa peke yangu. Dirisha hilo halifunguki, nimejaribu. Harufu ikaanza. Si ya udongo. Ni ya chumba cha mzazi... damu na maziwa.

Kisha, krr... krr...

Kucha. Ndani ya kifuko, zinakwaruza nailoni.

Nikapiga magoti nikasali. Nilipomaliza, mtu akaitikia.

"Amina."

Kwa sauti yangu.

Nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Ikaendelea, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. "Mwanangu... njoo unipokee... njoo na mtoto..."

Afisa akachungulia mlangoni. "Mama, kuna binti huko nje anamuulizia mama yake, na jina analotaja ni lako. Bahati yako. Ndugu wa damu akija kuweka sahihi ya kuupokea mzigo, tunaufukiza dawa, mnaondoka nao. Nimwite?"

Kumbe njia ya kutoka ilikuwepo. Neno moja tu, natoka, nalala kwa mwanangu leo.

Krr... krr... ikanyamaza. Ikasikiliza.

"Usimwite," nikanong'ona.

"Shauri yako. Zamu yangu inaisha, mwenzangu akiingia atamwita tu. Hatuwezi kukesha na wewe."

Akaondoka. Yule bibi simjui, wala sijui alikibeba kwa muda gani kabla ya kuniona mimi. Huenda naye aliwahi kusema "ni changu" mbele ya mtu. Sijui. Najua tu kwamba kinataka kutoka hapa, na kinataka kutoka na nani.

Usikitazame, mwanangu. Nitazame mimi.

Hao, wanakuita. Chukua begi lako. Pale nje penye kamba utamwona binti mwenye gauni la kijani, tumbo kubwa, amejishika kiuno. Mwambie mama yake hakupanda ndege. Ni uongo mwingine, najua, na huu nitaujibia mwenyewe. Mwambie arudi nyumbani sasa hivi, na asigeuke, hata akinisikia namwita.

Nakuomba. Nenda kamwambie.