Nyumba na Wote Waliomo

Jua lilikuwa limebaki kidogo tu juu ya vichaka vya Shinyanga Mwanne alipofunga shilingi sita kwenye pindo la kanga, akatoka kwenda dukani kwa Hatibu. Alitakiwa apeleke kumi. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi, mwaka ule nzige walipoumaliza mtama, na nyumba aliyokuwa akikaa ilikuwa rehani.

Tena alikuwa edani. Ulikuwa mwezi mmoja tu tangu amzike mumewe, Sabiti, na mwanamke wa eda hatoki nyumbani jua likielekea kuzama. Lakini nani angemwendea? Ndani alikuwamo mama mkwe wake tu, Bi Limi, bibi wa Kisukuma kutoka Kishapu, ambaye miguu ilikuwa imeshamgomea. Basi akatoka mwenyewe. Waliomsalimu njiani aliwaitikia. Hakuwa na huzuni wala woga. Tangu msiba alikuwa kama mtu aliyekalia mguu ukafa ganzi, ila kwake yeye ganzi ilikuwa mwili mzima.

Nyumba yenyewe, tuseme kweli, ilikuwa nzuri. Kuta za matofali ya udongo, paa la madebe yaliyopondwa, vyumba viwili na baraza, karibu na stesheni ya reli. Hatibu aliwauzia kwa shilingi mia mbili. Mia walitoa mkononi, jasho la Sabiti la machimbo ya Geita, na mia iliyobaki walipe kumi kumi kwa miezi kumi.

Na Sabiti hakuwa mjinga, msije mkamdhania. Aliikagua nyumba ile kama anayekagua ng'ombe wa mahari! Aligonga kuta zote. Alichokonoa boriti akitafuta mchwa. Alipanda juu ya paa, akashuka, akaenda bomani kuulizia kodi ya kiwanja, akawauliza majirani kama maji ya mvua yanaingia ndani. Karatasi tu ndiyo aliyoitia dole gumba bila kusomewa polepole. Loh! Mtu agonge ukuta mara ishirini, karatasi asiigonge hata mara moja.

Miezi mitatu walilipa. Wa nne, dhahabu ikawakimbia. Sabiti akarudi kutoka Geita mikono mitupu, siku ya mwisho ya mwezi, amechoka hoi, akaingia chumbani akajilaza. Mwanne alikuwa kisimani. Bi Limi alikuwa uani akipepeta ulezi. Adhana ya magharibi ilipokwisha, Mwanne akaingia kumwamsha ale.

Hakuamka.

Waliobeba jeneza walinong'onezana kwamba lilikuwa jepesi mno. Siku ya saba akaja Masele, mchimbaji mwenzake, anatoka Geita, habari ya msiba hana. "Sabiti si yuko kule?" akasema. "Juzi nimemwona anatoka shimoni na karai la mchanga kichwani. Nimemwita, hata hakuniitika." Watu wakatazamana. Mwanne akampa maji ya kunywa, akarudi kukaa mkekani.

Basi jioni ile akafika dukani. Hatibu alikuwa anakunja majora ya vitambaa tayari kwa kufunga. Mtu mpole, mwenye kunukia udi, sauti yake hujaisikia ikipanda.

"Shikamoo, Bwana Hatibu."

"Marahaba, mke wa Sabiti. Umetoka edani?"

"Shida, bwana. Nimeleta sita. Nne nakuomba unistahimilie mpaka katikati ya mwezi. Usinitoe kwenye nyumba. Nina mama mle."

Hatibu hata hakuzitazama zile hela.

"Nani kakwambia nitakutoa? Nyumba mimi siichukui. Kaeni."

"Na hizi?"

"Kaa nazo." Akashusha ubao wa dirisha. "Kesho utazihitaji."

Mwanne akabaki amesimama. Mtu mwingine angeshukuru akaenda zake. Yeye akauliza, taratibu, kama anauliza bei ya chumvi, "Kama huchukui nyumba, sasa unachukua nini?"

"Kwani karatasi hamkusomewa?" akanong'ona Hatibu. Kisha akazima taa.

Karatasi Mwanne alikuwa nayo, ameikunja kifuani. Akavuka barabara kwenda kwa Stanslaus, mwandishi wa barua, aliyekuwa na meza yake kwenye kona ya soko. Ndiye aliyeiandika. Stanslaus alikuwa Msukuma wa misheni, mwandiko wake mzuri ajabu, lakini Kiswahili chake mji mzima ulikichekea. Kwake yeye kila kitu kilikuwa mtu. Barua wamefika. Viti wamevunjika. Watoto wa sokoni walimwiga mpaka akazoea.

"Mwadila, mayu," akamsalimu Kisukuma. "Umechelewa, kalamu wangu wamelala."

"Sitaki uandike, Stanslaus. Nisomee tu."

Akaisogeza karatasi kwenye mwanga uliobaki. Akasoma polepole, kidole kinafuata mstari.

"Mimi Sabiti nimeweka rehani kwa Bwana Hatibu nyumba yangu na wote waliomo. Kila mwezi usiolipwa kumi kamili, jua likizama, mwenye rehani atatwaa mmoja, na mwezi huo utahesabiwa umelipwa."

"Vyote vilivyomo," akasema Mwanne. Alimsahihisha kwa mazoea, kama walivyomsahihisha wote. "Atatwaa kimoja. Hilo tulilijua. Kitanda, sufuria... chochote."

Stanslaus hakucheka.

"Hapa sikukosea, mama."

"Unasema?"

"Hapa Bwana Hatibu alinitajia, neno kwa neno. Nilimwuliza mara mbili, vyote? Akaniambia, wote. Kimoja? Akaniambia, mmoja." Akaikunja ile karatasi haraka, kama inayomchoma. "Mimi nilifurahi, mama. Nilisema, kumbe hata Bwana Hatibu anasema kama mimi."

Akaisukuma mezani mpaka mbele ya Mwanne.

"Mwezi uliopita," akauliza Stanslaus kwa sauti ya chini, "mlilipa?"

"Hatukulipa."

"Jua lilipozama ndani alikuwamo nani?"

Mwanne aliiona ndoo yake kisimani. Aliuona ungo wa Bi Limi uani. Alimwona Sabiti chumbani, peke yake.

"Na sasa hivi?" akasema Stanslaus. "Sasa hivi ndani yumo nani?"

Mwanne akakimbia.

Alikimbia na kanga mkononi, mwanamke wa eda, kichwa wazi, na waliomwona waliogopa kumwita. Alipopita msikitini mwadhini alikuwa kwenye birika anatia udhu, ameshafika miguuni. Jua lilikuwa limeshikwa na miiba ya mwisho ya vichaka. Hata wakati ule hakusikia moyo kumdunda. Alisikia miguu tu, kama miguu ya mtu mwingine.

Mlango ulikuwa wazi. Bi Limi alikuwa ameketi kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na mafiga, anachambua michembe, viazi vitamu vikavu, ya kuchemsha.

"Mama, toka nje."

"Nitoke? Saa hizi?"

"Kaa barazani tu. Kidogo tu, mama yangu."

"Ng'wanone, mwanangu, miguu..."

Mwanne akamwinua. Bibi alikuwa mzito wa mifupa, na kila hatua alisimama kuguna. Hatua ya kwanza. Ya pili. Bi Limi akataka fimbo yake, Mwanne akakataa. Akataka kukiinjika chungu vizuri, Mwanne akamvuta. "Una nini leo, wewe?" bibi akalalamika. "Unanikokota kama mbuzi." Wakafika mlangoni. Mwanne akatanguliza mguu nje, kisha wa pili, amemshika mkono bibi aliyebaki ndani ya kizingiti.

Hapo ikaja harufu.

Harufu ya udongo wa shimoni. Udongo mbichi, wa chini kabisa, usiojua jua. Alikuwa ameufua kwenye nguo za Sabiti miaka sita, hawezi kuukosea. Ulikuwa unatoka chumbani.

Kisha kitu kama karai kikatuliwa chini... taratibu.

"Mayu."

Sauti ilikuwa ya Sabiti. Ndivyo alivyomwita mama yake tangu utoto, na ndivyo alivyoita sasa, ila bila pumzi, kama anayesoma neno asilolijua maana.

Bi Limi akageuza uso. Mwanne aliuona uso ule ukijaa furaha, na furaha ile ndiyo iliyomtisha kuliko sauti.

"Mama, usiende. Si yeye."

"Mwanangu nisimjue?" akanong'ona Bi Limi. "Hujazaa wewe."

Akauchomoa mkono wake. Mwanne hakuamini nguvu zile zimetoka wapi. Bibi aliyeshindwa kufika barazani akatembea wima mpaka chumbani, na pazia likaanguka nyuma yake.

Msikitini mwadhini akaanza.

Mwanne alikuwa amesimama barazani, hatua tatu kutoka kwenye pazia lile. Alisikia wanaongea Kisukuma, chini chini, kama mama na mwanawe wakipeana habari za safari. Alimsikia bibi akiuliza kama amekula. Hakusikia jibu. Kisha ile sauti ikauliza, kwa Kiswahili, kwa sababu nyumbani yeye na mkewe walizungumza Kiswahili:

"Mwanne yuko wapi?"



"Mwanne hayumo," akasema Bi Limi.

"Hayumo?"

"Hayumo, baba. Nimo mimi."

Adhana ikaisha.

Walipoingia na taa, Mwanne na Paskalina wa nyumba ya pili, walimkuta Bi Limi amelala chali kitandani, mikono ameiweka kifuani mwenyewe. Sakafu ilikuwa imefagiliwa asubuhi, na sasa ilikuwa na tope, la rangi ya kijivu, tope ambalo Shinyanga nzima hulipati. Paskalina akapiga yowe. Mwanne akachukua kitambaa akalipangusa, akaenda kukisuuza uani. Kesho yake sanda iligharimu shilingi sita.

Waliobeba walisema jeneza jepesi.

Watu walimshauri ahame. Hata Stanslaus alikuja na mkokoteni, akasema, "Mama, vyombo wapande sasa hivi, twende." Hakukubali. Aliwaambia kwamba Sabiti akijaliwa kurudi atarudi pale, hajui nyumba nyingine. Eda yake aliimalizia barazani, jambo ambalo wanawake wa mji walilisema sana, kwamba mjane gani huyu anakaa eda nje ya mlango. Ndani aliingia mchana tu, kuchukua sufuria, akatoka.

Na alilipa. Alikaanga vitumbua, Paskalina akamwuzia stesheni treni ya Mwanza ikisimama, wakagawana. Eda ilipokwisha akauza mwenyewe, akafua nguo za makarani, akauza hadi bangili za mahari. Hakungoja siku ya mwisho wa mwezi tena. Siku ya kwanza, asubuhi, duka halijafunguliwa, yeye yuko mlangoni na kumi kamili, na haondoki bila stakabadhi, na stakabadhi hatii kifuani mpaka Stanslaus amsomee mara mbili. Miezi mitano hivyo.

Siku ya malipo ya mwisho Hatibu akampa karatasi ya nyumba, pamoja na stakabadhi mbili ambazo Mwanne hakuwahi kuzilipia. Mwezi wa nne, umelipwa. Mwezi wa tano, umelipwa.

"Hesabu," akasema Hatibu kwa upole wake. "Mimi simdhulumu mtu."

Mwanne akazihesabu stakabadhi zote. Zilikuwa kumi.

Basi nyumba ikawa yake. Mpaka leo wanaonunua nyumba mjini hupelekwa kwake wakapewe mawaidha, naye huwapa. Someni karatasi mchana. Msomewe na watu wawili wasiojuana. Kila neno lililoandikwa ulizeni linamhusu mtu au kitu. Ukiona mwezi umekuelemea, mwendee anayekudai mapema, usimngoje. Watu hushukuru, huku wanaangalia kitanda chake cha kamba pale barazani, mvua na jua, mwaka nenda mwaka rudi.

Paskalina ndiye pekee aliyewahi kumwuliza. "Mama, deni si limekwisha? Unaogopa nini humo ndani?"

"Siogopi," akasema Mwanne. Na kweli haogopi. Ganzi ile haijamtoka, ila kuna mahali pamoja inapomwuma, na ni palepale kila siku jua likizama. Sauti ile aliijua. Ilimwulizia kwa jina lake. Hajui mpaka leo kama Sabiti aliuliza ili amchukue, au aliuliza ili ahakikishe kwamba hayumo.

Angeweza kumwuliza. Alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, akanyamaza.