Kengele ya Ngamia wa Kerrow

Mimi singeogopa, lakini rafiki yangu Kerrow huogopa hata mbuzi mwenye pembe. Mwaka wa 1967, vita vya shifta, wale waasi wa msituni, vilipotufungia kijijini karibu na Garissa, bwana shauri, yule ofisa wa serikali, alipanga matembezi ya Jumamosi na Jumapili kwenye kisiwa cha mto Tana, kwenda asubuhi na kurudi kabla ya jua kuzama, ati tukafurahie mikoma na majani mabichi. Kerrow alijiunga na msafara ili amtafute ngamia wake aliyepotea, maana ruhusa nyingine ya kutoka haikuwepo.

Jumamosi akasikia kengele ya mbao ikigonga vichakani nyuma ya msafara, ko, ko.

"Hiyo nimeichonga mimi," akamwambia binamu yake Sharifo.

"Walaal, ndugu yangu, hiyo ni njaa inagonga tumbo lako," Sharifo akamjibu. "Jua likizama ukiwa huku, askari watakupiga risasi kama shifta."

Jumapili jioni, wenzake wakielekea mtumbwini, kengele ikalia tena, karibu zaidi. Kerrow akaifuata mpaka ndani ya miti, kwenye giza. Akamkuta ngamia wake: mifupa mitupu, myeupe, na kengele shingoni. Kengele ilikuwa imeshindiliwa nyasi mpaka mdomoni, kama tunavyofanya tukitaka ngamia apite kimya. Nyasi zenyewe zilikuwa mbichi, bado zinatoa maji.

Akaichomoa kengele shingoni, nyasi zikiwa bado ndani. Sharifo akamwita kutoka ukingoni, kwamba mtumbwi unaondoka. Kerrow akageuka akimbie, ameibana kengele kifuani, na haikutoa sauti yoyote.

Ko, ko, ikalia mbele yake, kati yake na mtumbwi.