Harufu Mikononi mwa Dorika

Kila Jumamosi ya msimu wa kusafisha mikorosho, Dorika alikunywa uji wake wima, akachukua jembe na kumfuata bibi yake shambani. Pale Kitangari, chini ya mkorosho husafishwa mpaka pabaki peupe, ili korosho zikidondoka zionekane. Dorika hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Na Jumamosi hii ilikuwa mbaya zaidi, kwani shule yao ilikuwa na mechi ya netiboli, naye ndiye mfungaji.

"Chini ya mkorosho huu wa mwisho usitie jembe," Bibi Magdalena alimwambia kabla ya kwenda kwenye foleni ya maji. "Fagia majani tu. Tangawizi pori yangu imelala hapo."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi aliitoa mbegu yake bonde la Ruvuma, kabla watu hawajaichimba ovyo ikaadimika. Mafua na kikohozi vilipoingia kijijini, majirani walikuja kwake kuomba kipande cha kuchemsha. Lakini wakati wa kiangazi mmea huo hukauka majani yote, juu ukabaki mchanga mtupu. Dorika alitazama, hakuona kitu. Kulala gani huko? Alipiga jembe kwa hasira, akafumua, akakatakata, akakokotea kila kitu kwenye moto aliokuwa ameuwasha wa kuchomea majani.

Mara harufu ya tangawizi ikapanda na moshi. Dorika aliingiza mikono motoni, akaungua vidole, akaokoa vipande kadhaa na kuvificha chini ya rundo la majani.

Mjomba wake, Optatus, ndiye aliyefika kwanza. Katika familia ile neno la mjomba halikupingwa, na hasira zake zilijulikana mpaka Newala mjini. Aliuona mchanga uliofumuliwa.

"Nani kachimba dawa ya mama yangu?"

Dorika angeweza kusema kweli. Badala yake alisema, "Hamudi, Mjomba. Nimemwona."

Hamudi alikuwa kijana wa kuuza maji kwa baiskeli. Siku chache kabla alikuwa amekuja kumwombea mama yake tangawizi ya kifua, Bibi akamwambia asubiri kidogo. Kwa hiyo uongo ulipata pa kukaa. Na kwa bahati mbaya, wakati huohuo Hamudi alikuwa akipita barabarani na madumu yake.

"Mwizi!" Optatus alinguruma.

Vijana waliokuwa wakipalilia mashamba ya jirani walikuja mbio, wengine na mapanga. Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Fimbo ya kwanza ilimwangusha Hamudi pamoja na baiskeli. Mtu akayapasua madumu kwa panga, na maji aliyoyafuata bondeni tangu alfajiri yakamwagika mchangani. Wakampiga mateke ya mbavu na ya mgongo. Alipokinga uso kwa mkono, fimbo ya Optatus ikatua hapohapo, na Dorika akausikia mfupa ukivunjika.

"Sijaiba, jamani! Wallahi sijaiba!" Hamudi alilia, mdomo umejaa damu.

"Leteni petroli!" mmoja akapayuka.

Dorika aliogopa kupigwa, na nani asingeogopa? Lakini aliona wazi kwamba akinyamaza, Hamudi atakufa. Alijipenyeza kati ya miguu ya watu, akamlalia Hamudi. Fimbo iliyokwisha kuinuliwa ikamshukia yeye begani.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Nimeichoma mimi! Ninuseni mikono!"

Bibi alikuwa amefika na ndoo yake kichwani. Aliitua, akaushika mkono wa mjukuu wake, akanusa. Ulinuka tangawizi na moshi, na vidole vilikuwa na malengelenge. Bibi akamnyang'anya mwanawe fimbo, akaivunja gotini.

"Mlitaka kuua mtoto wa mwenzenu kwa ajili ya mizizi yangu?"

Vijana walianza kuondoka mmoja mmoja, mapanga wameyaficha nyuma.

Hamudi alirudi kutoka hospitali mkono ukiwa kwenye plasta. Mwenyekiti wa kijiji aliwaita wote waliompiga, na kila mmoja akapewa adhabu yake. Optatus alipiga magoti mbele ya Mama Hamudi kuomba radhi. Mama yule alimwonyesha baiskeli ya mwanawe tu. Tangu siku hiyo Optatus ndiye aliyepanda kilima na madumu ya maji badala ya Hamudi, mpaka mkono wa Hamudi ukapona.

Dorika naye alifukua vile vipande. Bibi alimfundisha kuchagua vyenye vijicho vya kuchipua, kupaka majivu palipokatwa, kuvianika kivulini na kuvipanda bila kuvimwagia maji visije vikaoza. Mvua za kwanza ziliponyesha, maua yalichomoza kwenye mchanga mtupu, hata kabla ya majani. Dorika alimkimbilia bibi yake akicheka.

"Imeota, Bibi! Yote imeota!"

Bibi hakucheka. "Ungesema kweli siku ile, ningekugombeza, tukaokota vilivyobaki, ukaenda kwenye mechi yako. Tangawizi ukiikatakata, huota. Mtu hakatwi akaota, Dorika. Kabla hujataja jina la mwenzio, kumbuka hilo."

Msimu wa kuchimba ulipofika, walichimba vipande vya pembeni, mama wa mmea wakamwacha ardhini. Kipande cha kwanza Dorika alikipeleka mwenyewe kwa Mama Hamudi, akakishika kwa mikono miwili.