Sauti ya Slaidi ya Kuosha Kahawa

Cheka, cheka tu. Nyie mliomaliza vyuo mnajua kila kitu. Simu ikikwambia geuka kushoto, unageuka, na anayekwambia hujawahi kumwona sura; lakini ukiambiwa jini limeingia kwenye kishikwambi, ndipo unapotaka ushahidi. Funga mdomo usikilize.

Evelyne alikuwa anatengeneza masomo katika ofisi moja pale Miembeni, mjini. Wakulima wa kahawa wa kwao Nshamba waligawiwa vishikwambi, wakasoma nyumbani: slaidi moja baada ya nyingine, picha inaonekana, sauti inaeleza. Sauti yenyewe ilikuwa ya Kokugonza, binti wa kijiji cha Maruku, aliyesoma maneno kama anayembembeleza mtoto. Kokugonza alikufa kwa malaria kabla kozi haijatoka. Wakamzika kibanjani kwao, katikati ya migomba, sauti yake ikabaki ofisini, maana Kahigi, bosi wao, hakupenda kazi ya kurudiwa.

Mambo yakaenda vizuri mpaka mzee Rutaihwa alipopiga simu kutoka Nshamba, akikohoa kile kikohozi chake kikavu.

"Binti, kozi nzuri. Ila mwambie yule msichana wenu anieleze kahawa, asiniite jina."

"Anakuita jina, tata?"

"Kwenye slaidi ya kuosha kahawa. Jana kaniita nikanyamaza. Leo nimekosa swali, kishikwambi kikanirudisha kulekule, kaniita tena. Nikamwitikia, basi kanyamaza yeye. Halafu kinanuka."

"Kishikwambi kinanuka?"

"Kama maganda ya kahawa yaliyooza. Siku hizi mnaweka na harufu?"

Evelyne alicheka, akamsimulia Kahigi, naye akacheka. Kesho yake akapiga simu binti wa mzee: baba ameamka hana sauti. Anafungua mdomo, unatoka upepo.

Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Sasa elewa kitu kimoja. Katika programu ile ya kutengenezea masomo kuna mahali pa kuchagua: mtu akirudi kwenye slaidi aliyokwisha kuipita, sauti ianze upya, au iendelee ilipoishia, au inyamaze. Evelyne alichagua ianze upya. Tena akaongeza lake: anayekosa swali arudishwe kwenye slaidi ya swali hilo, apende asipende. Alijiona hodari.

Mchana ule mvua ya ziwani ilikuwa inapiga mabati. Akafungua somo kwenye kompyuta yake. "Kahawa iliyomenywa huoshwa kwa maji safi," alisema marehemu Kokugonza, taratibu, kama siku zote. Maneno yakaisha. Kimya. Kisha, chini sana, kama mtu aliye nyuma ya pazia: "Evelyne."

Akadhani ni mvua. Akaenda slaidi ya mbele, akarudi.

Safari hii kabla ya neno la kwanza mtu alikohoa. Kikohozi kikavu, cha kizee. Ofisi ikanuka maganda yaliyooza. "Evelyne," sauti ikaita, na mdomo wa Evelyne ukafunguka wenyewe kuitikia, akauziba kwa kiganja.

Kwa sababu watoto wa Nshamba wanafundishwa hivi: ukiitwa kutoka kibanjani na humwoni anayeita, nyamaza. Jini lina pumzi ya kuita mara moja tu. Anayeita tena ni mtu, mwitikie, usionekane huna adabu. Na akiwa amekaa pale, kiganja mdomoni, Evelyne akaelewa kwamba huyu hakuwa Kokugonza, maskini, aliyelala zake Maruku, bali kitu kilichookota sauti isiyo na mwenyewe kikaivaa kama khanga iliyosahauliwa kambani, kitu chenye pumzi moja, ambacho yeye kwa mkono wake alikipa pumzi ya pili, kwa kuwa kila mara mtu akirudi kila kitu kinaanza upya, na Nshamba nzima, watu waliolelewa kunyamaza mara ya kwanza, wangeitikia mara ya pili kwa heshima zote. Na mmoja wao ni mama yake, Evodia.

Akabadilisha mpangilio haraka: akirudi, inyamaze.

"Unafanya nini?" Kahigi aliuliza kutoka mlangoni. "Wafadhili wanataka mtu akirudi asikie tena."

"Bosi, waje wasikie wenyewe. Vishikwambi vya Nshamba vitapata mabadiliko saa ngapi?"

"Vikishika mtandao. Na mvua hii, labda kesho." Akanusa. "Nani kaleta maganda ya kahawa humu?" Hakusubiri jibu. Viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi, mbiombio.

Evelyne akampigia mama.

"Mama, uko wapi?"

"Niko sebuleni nasoma kozi yako, mwanangu. Swali la kuosha kahawa limenishinda. Mimi! Nimeosha kahawa tangu hujazaliwa, leo kibao kinaniambia nimekosea."

"Mama, kizime. Kizime sasa hivi."

"Kinanirudisha nyuma, subiri. Haya, huyu binti wa watu ananiita tena."

"Usiitikie! Mae, waitu, nakuomba usiitikie!"

"Kaniita mara ya pili, Eve. Unataka anione mshenzi?" Na mama akageuza uso kutoka kwenye simu, akaitika kwa sauti yake ile kubwa ya kusikika hadi kwa jirani: "Abee!"

Simu haikukatika. Kulikuwa na mtu upande wa pili, anahema, anafungua mdomo na kuufunga, na kinachotoka ni upepo.

"Nakuja, mama," Evelyne alinong'ona. "Usitoke hapo. Nakuja."

Alikuwa ameshika mkoba wakati kompyuta ilipoanza, slaidi ileile aliyoiamuru inyamaze. "Kahawa iliyomenywa," ikasema sauti kubwa, ya uchangamfu, yenye kicheko ndani yake, "huoshwa kwa maji safi." Kisha ikamwita, vile anavyoitwa na mtu mmoja tu duniani:

"Eve, mwanangu."

Kwenye kioo slaidi ilikwenda mbele, ikasimama, ikaanza kurudi, hakuna mkono ulioigusa. Evelyne akauma ulimi usije ukaitikia, mpaka akaonja damu. Akatoka, akafunga mlango.