Uzi wa Gauni Jeusi

Gauni lile lilikuwa na joto. Siku yenyewe ilikuwa ya mawingu, wauza mitumba walikuwa wameshaanza kukusanya maturubai yao, kwa hiyo jua halikuhusika. Lilikuwa joto la makwapani, la nguo iliyovuliwa sasa hivi. Kunguru aliingiza mkono ndani akautoa haraka, akamtazama muuzaji. Muuzaji alikuwa anapiga miayo. Alimwambia kama analitaka achukue tu bure, limekaa hapo muda mrefu na kila anayelichukua hulirudisha.

Kunguru si jina alilopewa na wazazi wake. Mtaa ndio uliompa, kwa sababu alivaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kamba za viatu, na yeye akalipokea jina hilo kwa furaha. Nguo za namna ile madukani haziguswi na mtoto wa fundi cherehani, basi alijitengenezea. Lesi alizitoa kwenye mapazia yaliyochoka. Mkanda ulikuwa mnyororo wa mbwa aliyekufa zamani. Sketi za mitumba alizichemsha jikoni kwa rangi nyeusi na siki mpaka sufuria moja ya mama yake ikastaafu upishi. Masikio alijitoboa mwenyewe kwa sindano na barafu, matundu yamepangana mstari kutoka chini hadi juu.

Mama yake alikuwa na hamu moja tu, naye hakuificha: amshonee binti yake gauni la njano. Au la kijani, au hata la maua, ila liwe na rangi. "Nimezaa msiba unaotembea," alikuwa akiwaambia wateja, nao wakicheka, naye hucheka pamoja nao.

Gauni lilikuwa refu mno, kwa hiyo Kunguru alikaa nalo sebuleni akaanza kulifumua. Hapo akakutana na jambo ambalo binti wa fundi hawezi kuacha kuliona. Gauni zima lilishonwa kwa mkono, kwa uzi mmoja usio na fundo wala kiungo. Aliushika mwisho wake kwenye pindo akavuta, nao ukamfuata taratibu mpaka vipande vyote vikalala sakafuni. Uzi mzuri vile hautupwi. Aliuzungushia kwenye kipande cha kadibodi, akautumia wiki nzima: lesi ya kola, vifungo vya koti, mfuko wa begi.

Na sikio la Kitinda. Mdogo wake huyo, ambaye bado alikuwa aking'oka meno, alimsumbua siku nyingi atobolewe sikio kama dada. Mama alikuwa amekataa katakata. Kunguru alimtoboa nyuma ya mlango, akapitisha kipande cha uzi ule kwenye tundu lisije likaziba, akakikata kifupi na kukifunika kwa nywele. Wakaapiana wasiseme.

Mambo yalianza kwa sauti. Ilikuja mchana, saa zile za joto ambapo nyumba husinzia. Uzi ukivutwa kwenye kitambaa, sss, kisha kimya, kisha meno yakikata uzi. Kunguru alidhani ni mama. Alipochungulia, cherehani ilikuwa imefunikwa na mama hayupo. Halafu ikaja harufu, ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo, na chini yake nywele zilizoungua. Walisafisha bafu, walisafisha jiko, harufu ikawatazama tu.

Siku moja alimkuta Kitinda katikati ya chumba, mikono ameinyoosha kando, kidevu juu, hatikisiki.

"Unafanya nini?"

"Shh," mtoto alinong'ona bila kugeuza kichwa. "Ananipima."

"Nani?"

"Yule asiye na nguo."

Kunguru alimpandisha blauzi, na pale ubavuni, kuanzia kwapani kushuka kiunoni, akaona vitone vidogo vyekundu, vimepangika sawasawa, kimoja baada ya kingine, kwa umbali uleule, kama fundi hodari anavyopiga mshono wa pembeni.

Kitinda aliacha kula. Akaacha kuzungumza, yeye ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika. Kila siku vitone viliteremka kidogo. Mama alimpeleka hospitali, wakampa dawa ya kupaka, na mshono ukaendelea. Ndipo alipoitwa bibi mganga, mwanamke mnene mwenye mafua, ambaye aliingia akipenga kamasi, akanusa, akaacha kupenga. Aliuliza ni nani katika nyumba ile aliyefungua kitu kilichokuwa kimefungwa.

Kunguru alieleza habari za gauni. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Alisema jini yule alikuwa ameshonewa humo na mtu aliyeijua kazi yake, na sasa hana pa kukaa, anajitengenezea mahali. Lishonwe gauni upya, kwa uzi uleule, wote. Ataingia mwenyewe kwenye mishono yake. Kisha lichomwe palepale uani.

"Litawaita," alisema akimtazama mama. "Litatumia sauti ya mtu mnayempenda. Usisikilize, mwanangu. Choma." Akamgeukia Kunguru. "Uzi wote unajua ulipo?"

Kunguru aliutaja: kola, koti, begi. Sikio lilimfika kwenye ulimi. Lakini mama alikuwa amesimama pale, macho yamevimba kwa kilio, na Kunguru akaogopa kugombezwa. Akasema ni huo tu.

Alishona siku nzima. Mvua ilikuwa imeigeuza alasiri kuwa giza, na mama alikuwa uani chini ya kibanda akitayarisha pipa la kuchomea. Gauni lilirudi kuwa gauni, zito, baridi kama maiti. Zilibaki hatua chache za sindano kwenye pindo, na uzi ukaisha.

Alikwenda kitandani kwa Kitinda, akafunua nywele, akakishika kile kipande kidogo cheusi kwenye sikio akakivuta. Kilikuja. Kikaendelea kuja, kirefu kuliko alivyokikata, kirefu kuliko mkono, cha uvuguvugu na unyevu, na kadiri alivyokivuta ndivyo vile vitone vya ubavuni vilivyofunguka kimoja kimoja kuwa vijidomo vidogo, na mtoto akajikunja bila kutoa sauti, mpaka Kunguru akaelewa anachokifanya na vidole vyake vikaganda.

"Huyu nimeshamshona nusu," kinywa cha Kitinda kilisema taratibu, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka. "Ukivuta, unamfumua."

Kunguru alilia kimya, mama asisikie. Alimpenda mtoto yule kuliko nafsi yake, na hilo hakuwahi kumwambia mtu. Akasema neno ambalo binti wa fundi tu angelifikiria.

"Huyu hatakutosha. Ni mdogo, atakubana." Akavua hereni zake zote. "Mimi ni mkubwa. Na matundu ninayo tayari."

Kisha uzi ukaanza kusogea wenyewe. Ulipanda kwenye kiganja chake, ukapita shingoni, ukaingia tundu la chini, la juu yake, na la juu yake tena, na mikono yake ikalichukua gauni bila yeye kuiamrisha, ikashona pindo kwa mishono midogo ambayo hakuwahi kufundishwa, na akasikia uzi ukivutwa, sss, na safari hii alijua sauti inatoka wapi, na akasikia meno yakikata, na meno yalikuwa yake, kisha kukawa giza lenye harufu ya kitambaa, na kupitia vitundu vya mishono akaona mwili wake mwenyewe ukisimama, ukijinyoosha, ukimfunika Kitinda shuka vizuri hadi kidevuni, kisha ukainama kulichukua gauni, naye ndani yake.

Mvua ilikuwa imekatika. Uani, mama aliuliza kama limekamilika, akaambiwa limekamilika. Aliuliza hali ya mtoto, akaambiwa analala na ametokwa na jasho. Mama akakaa kwenye ndoo akamshukuru Mungu.

"Mama," msichana yule alisema, akinyoosha mikono yake kando. "Kesho nipime. Nataka gauni la njano."

Mama alicheka, machozi yakimtoka. Alimkumbatia, akambusu paji la uso, akasema kitambaa anacho tangu mwaka juzi. Kisha akalichukua gauni ili alitie ndani ya pipa, na mkono wake ukaingia kwapani.

"Mbona lina joto?"

Kunguru aliita. Aliita kwa nguvu zake zote, na kutoka kwenye mishono ikatoka sauti ndogo, nyembamba, lakini ilikuwa yake kabisa.

"Mama."

Mama alisimama pale pale. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, na uso wake ukalegea kidogo. Halafu akakumbuka maneno ya bibi mganga, na msichana aliyekuwa kando yake akampa kiberiti.