Ndevu za Mtoano

Mji mzima ulikuwa umevaa nyeupe. Ndivyo Winnipeg inavyokuwa mtoano wa hoki ya barafuni ukianza: mashuka, makoti ya daktari, suruali za wapaka rangi, alimradi nyeupe. Lesia Hnatiuk, kinyozi wa barabara ya Selkirk, alifungua kabati akakuta nguo nyeupe moja tu: gauni la harusi lililokosa harusi. Akalivaa, lesi na mkia wake, bia mkononi, akajitosa kwenye umati.

Mtu akaukanyaga mkia. Lesi ikachanika chwaa!

"We! Huna macho?"

"Nisamehe, bibi harusi. Bwana harusi yuko wapi nimwombe radhi?"

"Alikimbilia Calgary, kwa mahasimu wetu."

"Basi ndiyo maana. Hata timu ya kushangilia hajui kuchagua!"

Lesia alicheka hadi bia ikamtoka puani. Huyo ndiye Darcy Magnusson, fundi wa treni, mrefu kama mlingoti, shuka la kitanda begani kama mfalme.

Mwaka ukapita. Pierogi, zile sambusa za kuchemsha za mama yake Lesia, zikamnenepesha Darcy. Lakini neno la ndoa likiguswa, alikuwa na jibu moja tu, na alilitoa kila Jumamosi pale saluni kwa Lesia, watu wakiwa wamejaa hadi mlangoni:

"Tukitwaa kombe, laazizi, nakuoa katikati ya barabara, na gauni lilelile!"

"Na mwaka huu je?" Lesia akauliza.

"We shona ule mkia, mama," akamkonyeza. Watu wakapiga makofi.

Lesia akaushona. Umri wa miaka thelathini na minane si mchezo. Yeye aliyekuwa akisinzia hoki ikichezwa, sasa alijua goti la mchezaji yupi linauma, na kanisani alimwombea kipa kwa jina.

Mtoano uliporudi, wanaume wakaacha kunyoa. Kunyoa kabla timu haijatolewa ni kuiroga. Wembe wa Lesia ukalala njaa, ila viti havikukosa watu. Walikuja kubishana, redio ikibwata. Raundi ya kwanza timu ikapita. Lesia akalipiga pasi gauni.

"Tunaye Darcy, anapiga simu kutoka karakana ya treni, Transcona," mtangazaji akasema mchana mmoja. "Haya Darcy, raundi hii unatabiri nini?"

"Bwana harusi huyo!" watu wakashangilia. "Nyamazeni tusikie!"

"Hatuvuki," ikasema sauti ya Darcy. "Na kombe? Tusijidanganye, jamani. Mimi sijaliamini hata siku moja."

Mzee Wasyl, mteja wa siku zote, akajikohoza. Glenda, kinyozi wa kiti cha pili, akakimbilia redio aizime, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akajishika mdomo.

Jioni simu ikalia.

"Kipenzi, ulinisikia redioni? Yale usiyatie moyoni."

"Niyatie wapi, Darcy?"

"Nitakueleza, mama. Wanaingia uwanjani hao!" Akakata.

Timu ikatolewa raundi ileile. Kesho yake foleni ya wenye ndevu ilifika barabarani, wamenuna kama wafiwa. Darcy naye akapanga. Zamu yake ilipofika, akakalia kiti cha Lesia.

"Utaninunia mpaka lini? Nilikuwa nakwepa nuksi tu. Shabiki wa kweli hautamki ushindi. Kitu unachokitaka kwa roho yote, ukikitaja kinakimbia. Waulize hawa."

"Kweli hiyo, Lesia," wenye ndevu wakaitikia.

Lesia akampaka povu, taratibu, shavu hadi shavu.

"Kwa hiyo unachokitaka kwa roho yote, hukitaji."

"Ee, hapo sasa umenielewa."

"Na ndoa yetu uliitaja kila Jumamosi, kwa kinywa kipana, watu wamejaa. Hiyo hukuiogopea nuksi hata mara moja."

Darcy akafumbua mdomo ajibu, povu likamwingia. Benchi zima wakainamia viatu vyao.

"Mwakani, Lesia..."

"Tulia. Nitakukata."

Akamnyoa vizuri, kama anavyomnyoa mteja yeyote. Kidevu kikatokea, kidogo, cheupe, kama cha mtu asiyemjua. Akakifuta kwa taulo ya moto, na kiganja chake kikabaki shavuni kupita kazi ilivyotaka. Kisha akakiondoa, akakung'uta kitambaa, ndevu za mtoano zikaanguka sakafuni.

"Anayefuata!"